Jina Nililompa Bwana Magome

Mwanangu Somo,

Salamu niliyokupa njiani Ijumaa iliyopita hukuijibu, nami sikulaumu. Nakupa nyingine hapa kwa sababu barua isiyo na salamu ni sawa na mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi. Assalaam aleikum. Mamako amenisimamia mlangoni na ungo wa mchele mkononi, anasema, "Mwandikie. Kama mdomo umekushinda, na mkono nao umekufa?" Basi naandika, na jua bado liko juu. Kesho maji yakijaa utapanda mtumbwi wa mjomba wako huko Maparoni ukalitafute lori la Kibiti, na mamako atakuwa dikoni kwetu, mtumbwi ukitua, akupe barua hii pamoja na mikate ya kumimina. Mikate najua utaila.

Sitakuambia nguo ufue lini wala ukae na rafiki wa namna gani. Hayo mjomba wako atakuwa ameshakupa mpaka umechoka, na tena Dar es Salaam wewe unaijua. Mimi nimeiona mara moja tu, nikapotea nikitafuta msikiti. Ninalo jambo moja la kukwambia. Siku ile barazani Kiingereza chako kilikuwa sahihi, neno kwa neno. Ningetaka kuishia hapo, lakini yapo mengine ambayo umeyasikia kwa watu na hujayasikia kwangu.

Bwana Magome hukumkuta. Alikuwa Mwingereza, msimamizi wa kampuni iliyokuwa ikinunua magome ya mikoko ya kupeleka Ulaya kutengenezea ngozi, na wakataji ndio waliompa jina hilo. Nyumba yake ilikuwa juu ya nguzo, kwenye mdomo wa kijito, mbu wakiingia kama wageni wa harusi. Mimi nilikuwa mpishi wake. Asubuhi alikwenda kutazama magome yakipimwa, lakini moyo wake haukuwa huko. Mchana alikaa mbele ya taipu, fulana imelowa jasho, akaandika hadithi za kupeleka Marekani kwenye magazeti ambayo watu wa huko huyanunua kwa senti chache, wakayasoma kwenye treni, kisha wakayatupa.

Boti ya barua ilimletea mafungu ya magazeti hayo. Unalijua moja, na mengine yalikuwa vivyo hivyo. Jalada linang'aa, jekundu na njano, mtu ana bastola, mwanamke amefungwa kamba, na nyuma yao mnyama au Mchina au mtu mweusi ametoa meno. Ndani karatasi mbovu, inanuka kama pumba zilizolowa, ukiikunja inakatika. Akishayasoma aliyatupa jikoni niwashie moto, nami nikayasoma kabla ya kuyachoma. Herufi alinifundisha yeye mwenyewe, siku za homa, alipotaka mtu wa kukaa naye. Ndiyo maana maneno yangu ya kwanza ya Kiingereza yalikuwa bastola, jambia na "usisogee". Kuomba maji ya kunywa nilijifunza baadaye sana.

Barua zilimjia kwa majina matatu. Mwanzoni nilidhani kuna mabwana wawili wengine watakaokuja, nikawa najiuliza nitawalaza wapi. Akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba waandishi wa magazeti yale ndivyo walivyo, mtu mmoja ana majina matano, na jina jingine ni mali ya mwenye gazeti, mwezi huu analivaa huyu na mwezi ujao yule, na msomaji hajui. Tena walilipwa kwa neno. Kwa hiyo mtu wa Bwana Magome hakufa upesi. Alipigwa risasi akayumba, akashika meza, akamtaja mamake, akaomba tumbaku, ndipo akaanguka. Aliandika habari za China na za jangwani na za nchi za barafu, naye hajatoka kwenye tope letu. Nikamuuliza mbona haandiki ya hapa. Akasema, "Hapa hakuna simba. Msomaji analipia simba."

Nilimpenda, mwanangu, niseme tu. Mpishi huulizwa chumvi iko wapi na chai imechelewa kwa nini. Yeye aliacha kuandika, akanigeuzia uso, akaniuliza, "Kisha ikawaje?" Nikawa namwaga kila nilichonacho, ngano za bibi yako, visa vya wavuvi, habari za watu wanaosemwa kuwa wanafuga mamba. Hakujua kuitikia paukwa, lakini alisikiliza. Sijapata tena mtu wa kunisikiliza vile. Hata mamako, na yumo humu ndani ananisikia nikiyatamka haya ninapoyaandika.

Baba mkubwa wako Shamte, kaka yangu, alikuwa mkataji wa magome. Kibonge, mbishi wa bao, na katika maulidi aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote na nje ya wote. Siku moja mashua ya magome ilikwama kijitoni maji yakitoka. Wenzake wakamwambia, "Ngoja yajae." Akasema, "Yakijaa yatalowesha magome, na Mzungu hachukui yaliyolowa." Akashuka kusukuma, maji ya kiunoni, na mamba akampitia pale pale. Tulimtafuta mpaka kwenye mikono yote ya mto, tukapata kofia yake imenasa kwenye mizizi ya mkoko. Tukamsalia sala ya ghaibu. Wanawake wenzake bibi yako walikuwa na makaburi ya kwenda kusomea Yasini. Yeye alikwenda dikoni, akasimama hajui aelekee wapi, kwa kuwa mto mzima ndio kaburi.

Wewe umekulia hapa, unajua kwamba jina la maiti kwetu halipiti bure. Ukilitaja, aliye karibu husema "Mungu amrehemu", hata awe anakuna nazi, hata awe ana ugomvi na wewe. Nimezaliwa nikalikuta hivyo. Haikunipitia akilini kwamba iko nchi ambako jina la marehemu hupita na watu wakanyamaza.

Basi Bwana Magome akawa anaandika hadithi ya mamba, akaniita kutoka jikoni. "Nipe jina. Jina ya hapa. Nzuri." Nikampa la kaka yangu. Hakunilazimisha wala hakunihonga, na asije mtu akakwambia kwamba Mzungu alimwibia Salum jina la nduguye. Nililitoa kwa mikono miwili. Nilifikiri, gazeti hili husomwa na watu wasiohesabika, na kila mmoja akifika pale penye jina, kwa lugha yake, kwa dini yake, atasema Mungu amrehemu. Shamte hana kaburi la kupita mtu akamwombea, basi atapata la karatasi, na litapitiwa na dunia nzima. Nilirudi jikoni nikilia kwa furaha, na jioni ile ile nikamwambia bibi yako kwamba mwanawe anatiwa katika kitabu cha Ulaya.

Gazeti lilikuja baada ya mavuno. Nililisoma nimechuchumaa mbele ya moto, samaki wa Bwana wakaungua. Unayajua yaliyomo. Shamte ni mfalme wa watu wa mamba, meno yamechongwa, anakunywa damu kwenye fuvu. Anamteka binti wa Kizungu. Kijana wa Kizungu anakuja na bastola, na Shamte anapigwa kati ya macho, anaanguka kwenye tope, na gazeti linasema hakuna aliyemlilia. Huyo aliuawa upesi. Katika kazi zote za Bwana Magome sikumwona mwingine aliyenyimwa hata neno la kufia.

Nikaenda mbele yake na gazeti. "Bwana, huyu ni ndugu yangu." Alinitazama kwa wema kabisa, hakuelewa. "Hapana ndugu yako, Salum. Jina tu." Akaniuliza kama ningependa katika hadithi inayofuata atie jina lingine, nichague mimi. Yeye alikuwa na matatu, akiyavua na kuyavaa kama soksi. Angejuaje? Haukupita muda akaugua sana, nikashika mguu wa machela mpaka kwenye boti, naye akaniambia asante kwa supu. Kama alipona au alikufa, sikupata habari, na sijui ningemwombea kwa jina lipi.

Magazeti yote niliyachoma. Lile sikuweza, jina lake limo.

Na bibi yako alikuwa ananingoja. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshatandika mkeka barazani na kuwaita majirani, amejifunga kanga mpya. "Soma," akasema. Nikalifungua. Nikaweka kidole chini ya mstari, kama afanyavyo mtu anayesoma kweli, nikasoma jambo ambalo halikuwamo. Nikasoma kwamba Shamte alikuwa nahodha, akaona watoto wamezungukwa na mamba, akajitupa majini akawatoa, na yeye akabaki, na watu wa miji yote wakamlilia. Bibi yako akasema, "Mungu amrehemu." Baraza zima likasema, "Mungu amrehemu." Moyo wangu ukatulia. Nikaona nimepata nilichokitaka, ila kwa mlango wa uani.

Watu husema njia ya mwongo fupi. Yangu haikuwa fupi, ilikuwa ndefu na yenye vivuli. Kila Ijumaa baada ya sala walikuja, na kila Ijumaa Shamte alipata sifa mpya. Watoto wawili majini wakawa watano, kisha akaongezeka mjamzito. Nami nikajifunza kutomwua upesi. Mimi niliyemcheka Bwana Magome na watu wake wanaoshika meza nikawa fundi kuliko yeye, na sikuandika hata herufi moja.

Ukazaliwa, bibi yako akakupa jina la Shamte. Lakini tukakuita Somo, kwa kuwa wewe ni somo wake, mwenye jina moja naye, ili Shamte lenyewe libaki la marehemu. Ulijua kisa kile kabla hujajua kuvaa kanzu. Ulikuwa ukinikumbusha nikiruka mahali. Ukaniambia utasoma sana ili siku moja ulisome mwenyewe, na mimi, mpumbavu, nikakupeleka shule mpaka Utete.

Siku ile ya likizo nilikuwa nimekwenda kwenye dungu kuwinga ndege mpungani. Bibi yako akakwambia, "Leo nataka nimsikie mwanangu kwa sauti yako." Ukakaa mahali pangu, gazeti magotini, ukiligeuza kwa Kiswahili, majirani wamejaa. Nilipokuja njiani na manati shingoni niliona watu hawasogei, nikafikiri kuna msiba. Ulikuwa umefika karibu na mwisho, jasho linakutoka. Walinieleza baadaye kwamba ulitaka kuacha mara mbili, na mara mbili bibi yako akasema, "Endelea." Nikakukuta unasema, "Na hakuna aliyemlilia."

Bibi yako akasema, "Miye nilimlilia."

Ndipo uliponiona. Ukasimama, ukanyanyua gazeti, ukaniuliza mbele yao wote, "Baba, si ndivyo ilivyoandikwa?" Sauti yako haikuwa na ubaya wowote. Uliniuliza kama mtu aliyekanyaga kitu gizani anavyoomba taa. Na mimi nikacheka. Nikasema, "Kiingereza chako bado, mwanangu. Umesoma nyuma mbele." Wakacheka, kwa kufarijika zaidi kuliko kwa dhihaka, lakini wakacheka. Wewe, wa kwanza katika darasa lako. Wakakuita Bwana Nyuma Mbele mpaka likizo ikaisha, na watoto wakakufuata nalo mpaka dikoni.

Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kurekebisha. Siku nzuri haikuja. Bibi yako hakuniomba tena nimsomee. Ijumaa zikapita, mkeka umekunjwa, naye akisema anaumwa mgongo. Alikufa masika yaliyofuata bila kunilaumu hata kwa neno, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ulikuja maziko ukakaa na wajomba zako.

Nimejifunza nini? Machache, tena kwa kuchelewa. Huko ofisini unakokwenda kufanya kazi utapata watu watakaokuuliza habari za kwenu kwa macho ya kung'aa. Mtu akikusikiliza vizuri usidhani anakupenda. Huenda anataka tu kujua kisha ikawaje. Na uwongo uliousema kwa huruma, itafika siku utaulinda kwa ukatili, na anayeumizwa siku hiyo ni yule aliye karibu. Mimi nilimhurumia mama yangu, nikampiga mwanangu. Yote nilifanya kwa ulimi huu mmoja, nao ndio unaodai leo kwamba umeshindwa kusema.

Wiki iliyopita nilijaribu. Nilikwenda kwenye bao, wapo Mzee Pazi na wenzake, nikawaambia Somo alisoma sawasawa, mimi ndiye niliyekuwa nikitunga. Nilitegemea watanitemea mate. Mzee Pazi akanipiga bega. "Lo, Salum, unamsafisha mwanao kwa kuwa anaondoka. Mzazi ni mzazi." Nikaapa. Wakasema usiape bure. Mmoja akanitaka nitoe tena pale Shamte anapombeba yule mjamzito. Wameupenda ule uwongo wangu, hawataki mwingine. Kwa hiyo hata ukweli sina tena mahali pa kuutua, isipokuwa kwako, na wewe ndiye uliyekuwa nao tangu awali.

Mamako ameniambia kwamba kazini hukujiandikisha Shamte. Jina gani, hukumwambia. Sikukasirika. Ungeingiaje kati ya watu wanaosoma Kiingereza ukiwa na jina lile? Karatasi ile ni mbovu, yamkini yote imeshaoza duniani, lakini huwezi kujua ni nani aliyekwisha kulisoma. Asiyekuwapo na lake halipo, na Shamte hayupo mara mbili, kwanza kwa mamba, kisha kwangu. Wewe ulikuwa mtu wa mwisho kulibeba. Sikuombi ulirudie. Nilitaka tu ujue kwamba aliyekuwa nalo wa kwanza alikuwa mtu mwema, aliimba vibaya, na alikufa kwa sababu ya magome ya watu.

Nilikuwa nimefika hapo aliposhuka mke wa mjomba wako kutoka mtumbwini. Alisimama uani, hakutaka kuketi. "Keshakwenda," akasema. "Wamepata maji ya leo. Kasema bora hivi." Mamako akauliza kama umekula. Akajibiwa umekula. Akasema, "Haya," akarudi jikoni, akaendelea kumimina unga kwenye chungu, na mkate wenyewe haujulikani ni wa nani.

Barua nitampa mwenye lori. Bahasha ninayo hapa. Nimekaa nayo muda mrefu, sijui niandike nini juu yake, kwa kuwa jina unaloitikia huko silijui. Mwishowe nikaandika lile ninalolijua, na kwa ile tabia yangu ya kusoma kwa sauti ninachoandika, nikalitamka. "Shamte."

Mamako, jikoni, hakuinua kichwa. Akasema, "Mungu amrehemu."

Kisha akageuka akanitazama, upawa mkononi, akaziba mdomo kwa kanga. Tumekaa hivi mpaka sasa. Mkate unaungua, na hakuna anayeinuka kuuepua.

Baba yako,
Salum